Mstari Ulionyooka

Maabarani kwangu, Mama alisogeza uso karibu na gilasi. Ndani, katika maji vuguvugu, kilining'inia kipande cha msuli wa njia ya hewa, chembamba kama njiti ya kiberiti. Uzi ulikiunganisha na kalamu inayochora mstari kwenye karatasi inayosogea.

"Hiki kidudu ndicho kinachonikaba miaka yote?"

"Kama hiki, Mama. Tazama."

Nilidondosha leukotrieni, mafuta ambayo mwili wenyewe huyatengeneza. Kipande kilijikunja, uzi ukakazika, mstari ukapanda. Mama akajishika kifua.

Mkobani mwake mlikuwa na pakiti ya vidonge vya pumu ambayo hakuwa ameifungua kwa wiki tatu. "Kidonge huenda tumboni," alizoea kunijibu. "Pumzi yangu haiko tumboni, mtaalamu."

Nilikisuuza kipande mpaka kikalegea. Safari hii nilitangulia kutia dawa iliyomo katika vidonge vyake, kisha leukotrieni, kipimo kilekile.

Tulisubiri. Uzi haukutikisika. Mstari ulinyooka hadi ukingoni mwa karatasi.

"Na kutoka tumboni inafikaje?" alinong'ona.

"Damu huibeba mpaka hapo."

Aliupitishia kidole mstari wote, taratibu, kisha akafungua mkoba.

"Nipe maji," alisema. "Siyo hayo."