Mlinzi wa Moyo wa Tunu

Kila mwandishi wa habari aliyesajiliwa na Shirika la Ngao alivishwa bangili, na mapigo ya moyo wake yakawa yanasikika mkononi mwa mlinzi mmoja asiyemfahamu. Moyo ukienda mbio, mlinzi alipiga simu na mawakili wa shirika wakatoka kwenda kumsaidia. Mume, mke au ndugu hakuruhusiwa kuwa mlinzi, kwa kuwa hao ndio hutishwa kwanza.

Mlinzi wa Tunu alikuwa Gervas, fundi cherehani wa Bukoba. Shomari, mume wa Tunu, alimchukia bila kumwona. Tunu alipocheka, Shomari aliwaza kwamba Gervas ameshajua. Walipolala, aliona wako watatu kitandani.

Juzi watu wa mgodi aliokuwa akiuchunguza walimfungia Tunu stoo, na Gervas akamwokoa kwa simu moja. Majirani hawakuacha kumsifu. Leo Shomari aliporudi kutoka kazini, alichukua simu ya mkewe mezani akampigia Gervas.

"Mimi ndiye mume wake. Nataka umwache."

"Nimekusikia, kaka," Gervas alijibu taratibu. "Nami nilitaka kukuuliza jambo. Moyo wake ulivyokwenda kule mgodini, huwa unakwenda hivyo kila siku saa kumi na moja jioni, akiwa nyumbani. Mara tatu nimeshika simu nikaiweka. Kuna nini kwenu saa hiyo?"

Hiyo ndiyo saa Shomari hufungua mlango. Aligeukia jikoni. Tunu alikuwa amesimama huko, mgongo ukutani.

"Kaka, upo?" Gervas aliuliza. "Maana sasa hivi moyo wake unakwenda mbio tena."