Kijiko Kimoja cha Maji

Kidole cha tatu kilianguka Jumatano, kabla ya chai. Phoebe alikiokota sakafuni. Kilikuwa laini kama ndizi iliyoiva kupita kiasi.

Mmea wenyewe ulikaa ndani ya kopo, juu ya stuli karibu na dirisha: vidole vinene vya kijani, miiba nje, maziwa meupe ndani. Protus aliuacha mwaka uliopita, siku babake alipomfukuza kwa kuacha masomo ya ufundi kule Sigalagala. Baba huyo, Shitanda, alikuwa ameshaingia kwenye miwa yake, asimwone mwanawe akienda. Phoebe, mamake, peke yake ndiye aliyesikia maneno ya mwisho.

"Uupe kijiko kimoja tu cha maji, Jumapili ya ushirika. Mengi yatauozesha. Nikirudi, niukute."

Phoebe alitii. Kijiko kimoja kila mwezi, na Zaburi moja juu yake. Lakini mmea ulizidi kuoza, na moyoni alijua: ukifa, Protus harudi.

Shitanda hakumwita tena Mama Protus. Alimwita "mama" tu, kama mtu anayeuliza bei sokoni.

"Baba, bati linavuja hapa," Phoebe alisema, akipangusa maji kwenye stuli. "Nilikuomba upige msumari."

"Nitapiga."

"Unasemanga hivyo kila wiki."

"Na wewe unaombeanga mpaka miti." Alitafuta kofia yake. "Tupa hiyo miiba, itachoma kuku."

"Siombei mti. Naombea mwenye aliuacha."

Shitanda alitoka bila kunywa chai.

Phoebe alisogeza stuli mbali na ukuta. Akabadilisha udongo, akatia mchanga. Alifunga siku mbili. Asubuhi ya Ijumaa stuli ilikuwa na maji tena, ingawa mvua haikunyesha, na kidole cha nne kilikuwa chini. Alidhani mmea unalia.

"Bwana," aliomba, "mimi nimefika mwisho."

Jumamosi alfajiri alitoka kwenda maombi ya akina mama. Njiani alikumbuka ameacha Biblia, akarudi.

Mbele ya stuli Shitanda alikuwa amepiga magoti, mkononi kikombe chake cha kunyolea ndevu, kimejaa maji hadi ukingoni.

"Kunywa, Protus," alinong'ona, akimimina yote. "Baba anakuomba. Kunywa."