Kompyuta ya Tano

Programu mpya ilipaswa kuingizwa kwenye kompyuta zote tano za kiwanda cha chai kabla mwaka elfu mbili haujafika. Kila moja ilimuuliza Bochaberi, aliyekuwa akiiingiza, kuhusu mkulima namba 417, ambaye taarifa zake hazikuwa zimekamilika: yuko hai au amefariki?

Katika nne za kwanza alibonyeza "amefariki" bila kusita. Namba hiyo ilikuwa ya baba yake; walimzika mwezi wa Aprili, na hata siku hiyo chozi halikumtoka.

Ya tano ilikuwa kwenye chumba cha mizani. Alisimama nyuma ya karani, diski mkononi, akingoja foleni iishe. Wa mwisho alikuwa mama yake, vidole vyeusi kwa kuchuma majani.

"Mia nne kumi na saba," mama alisema.

Karani, mgeni hapo, alibonyeza namba, akasoma jina kwa sauti kama alivyowasomea wote. "Onchiri."

"Yupo," mama aliitikia, akatua kikapu.

"Kilo kumi na nne. Haya, msalimie mzee."

"Salamu zitafika."

Mama alitoka bila kumwona binti yake.

"Mashine ni yako sasa," karani alisema, akiinuka.

Bochaberi alitia diski mfukoni, akarudi kwenye kompyuta ya kwanza kubadilisha jibu.