Mashine Moja Iliyogoma

Chini ya meza ya Rukia ilikaa kompyuta kuukuu yenye toleo la zamani la mfumo wa Linux. Programu zote za manispaa alizitengenezea humo, maana zilizotoka humo zilifanya kazi hata kwenye mashine kongwe kabisa. Asubuhi hiyo alikuta bosi wake, Kitwana, ameifuta na kuweka mfumo mpya.

"Nimekurahisishia kazi, dada. Hata programu ya leo nimeshaitengeneza humo na kuituma mwenyewe. Mashine arobaini zimekubali, moja tu ndiyo imegoma."

"Ipi?"

"Ile kongwe, ya king'ora cha mafuriko. Si tutaishughulikia Jumatatu?"

Mvua ilianza kugonga bati. Rukia akasogea dirishani. Kule bondeni watu walikuwa wakianua nguo taratibu, kama watu wanaojua kuwa king'ora kitawaita.