Hapa Hatukaribishani

Wiki ya hisani, mkahawa ule wa ghorofani uliuza sahani kwa bei ya mama ntilie, na mapato yakaenda wodi ya watoto. Ndiyo maana Bi. Sikudhani aliketi pale na kanga zake za Idi, samaki ameshawekwa mbele yake.

Meza ya pili, mwanamume mwenye tai alikuwa bado anangoja chakula. Mtu hali huku mwenzake anatazama. Bi. Sikudhani akaisogeza sahani kidogo upande wa yule bwana.

"Karibu, baba."

Yule bwana akamwita mhudumu kwa kidole. "Huyu mama nani kamwambia mimi nina njaa?"

Mhudumu akainama, lakini sauti hakuishusha. "Mama, hapa hatukaribishani. Kila mtu anakula chake. Nyie wa wiki ya hisani mnatuchosha."

Bi. Sikudhani alikuwa hajaonja hata tonge, na njaa alikuwa nayo. Akasimama.

"Basi lile la mlangoni mmemwandikia nani?"

Mlangoni kulikuwa na zulia dogo lililofumwa neno moja kwa herufi kubwa: KARIBU. Akalishika pembe, akaligeuza kifudifudi, akalinyoosha kwa kiganja kama anayetandika kitanda, kisha akashuka ngazi.

Mume na mke waliovalia kama wa harusini walipishana naye wakipanda. Walipofika mlangoni wakasita, wakautazama mgongo mtupu wa zulia, mguu wa mume ukiwa bado hewani.