Ufupisho wa Hemedi

Siku hizi mtu akifa, sauti yake yote iliyorekodiwa mwaka wa mwisho huhifadhiwa katika ofisi ya kumbukumbu mjini kwa siku arobaini. Kisha familia hupeleka ufupisho wa maneno mia ubaki badala yake, na sauti hufutwa.

Bi Sikudhani alikuwa amefundisha ufupisho shuleni Masasi kwa miaka thelathini. Mumewe Hemedi alipofariki, hakutaka kusaidiwa. Alimsikiliza wiki tano, akafanya kama alivyowafundisha wanafunzi: akashika hoja kuu, akaacha mifano, akaondoa marudio. Na Hemedi alikuwa mtu wa kurudia. Utani uleule, malalamiko yaleyale ya uji wenye mabonge, kila asubuhi. Vyote akavikata, huku machozi yakimtoka.

Karani aliusoma akatikisa kichwa kwa kustaajabu. “Mwalimu, hapa hakuna hata neno moja la ziada.” Akabonyeza kitufe, sauti ya Hemedi ikafutika.

Nyumbani, binti yao Mwanahawa, mjamzito wa miezi minane, aliisoma nakala mara mbili.

“Mama, yote ni kweli,” alisema taratibu. “Alijenga, alilea, aliheshimiwa. Lakini baba mwenyewe simwoni humu. Huyu mtoto nitamwambia babu yake alikuwa akiongeaje?”

“Mimi nipo, mwanangu. Nitamwigiza.”

Bi Sikudhani akafungua kinywa. Sauti iliyotoka ilikuwa yake mwenyewe, ile ya darasani. Akakohoa, akaanza upya, na Mwanahawa akangoja, mkono tumboni, asithubutu kumtazama mama yake usoni.