Chai ya Kuonjwa

"Onja kwanza, shemeji," askari wa gereza alisema. "Mumeo akifa, nitacheza drafti na nani?"

Ndiyo sheria: mgeni huonja alicholeta. Mke wa mfungwa akanywa funda moja la chai, na rangi yake nyekundu ya mdomo ikabaki ukingoni mwa kikombe.

Hakuwa amekanyaga hapa tangu siku ya hukumu. Je, mumewe alikuwa bado anamtaka? Nyuma ya wavu, mume hata hakumsalimu.

Askari akampitishia kikombe. Mvuke ukapanda polepole, mke, kwa wasiwasi, akaona chumba kama kinaelea, na sauti za wageni wengine zikasikika kwa mbali, kama za chini ya maji.

"Kunywa, bwana," askari akatania. "Au unasubiri keki?"

Mume akakizungusha kikombe taratibu, mpaka ile alama nyekundu ikafika mdomoni mwake.